Inchi Kumi na Saba

Carina ilikuja na miguu midogo,
inchi kumi na nne, vyuma vya kiwandani,
na wilikapu tatu zilizofungwa kwa waya
tangu ile ya nne ing'oke Buguruni
ikavingirika mbele yetu kuelekea sokoni
kana kwamba ilikuwa na haraka kuliko sisi.

Miaka tisa nikaipenda hivyo.
Sikutaka makubwa. Nilitaka tu,
mara moja, mtu ageuke.

Gerezani, kwa fundi Mwinyikondo,
ringi zimetundikwa ukutani kama sahani za harusi.
"Hizi kumi na saba, mzee. Zilikuwa za bwana mmoja mpole."
Zitaingia?
Akanitazama kama daktari aliyeulizwa
kama sindano inauma.
"Zinaingia. Kuingia si tatizo."

Ningeyasikia vizuri maneno hayo
ningerudi nyumbani na pesa ya bati.

Jeki. Spana ya msalaba. Nati kumi na sita
zikilia kwenye kopo la maziwa.
Gari likashushwa chini, nikarudi nyuma hatua tatu:
loo, mtu mzima kavaa viatu vya mwanawe wa chuo
na vimemkaa.

Tabata, muuza duka akatoa kichwa dirishani.
"Umebadilisha gari?"
Nikasema hapana
kwa sauti ya anayesema ndiyo.

Wiki nzima nikaenda kazini peke yangu,
kimya, laini, mkono mmoja kwenye usukani.

Jumamosi, safari ya Mlandizi kwa mama mkwe.
Tausi mbele, sufuria la pilau mapajani,
nyuma Shamte na magoti yake marefu, Zawena,
Pazi asiyekaa, binamu yao aliyetokea tu,
na butini mchele kilo hamsini.
Kona ya Barakuda:
khrrrr.
"Nini hicho?" Tausi akauliza.
Barabara, nikasema.
Tuta: khrrrr.
"Barabara tena?"
Shamte akainamisha sikio.
"Baba, gari linakoroma."

Kiluvya, trafiki akatoka kivulini na tochi yake.
"Hamsini na tatu, mzee."
Nikamwapia mshale ulisema hamsini kamili,
na sikuongopa, wala mshale haukuongopa:
tairi kubwa lina hatua ndefu,
mshale bado unahesabu kwa miguu ya zamani.
Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu,
kisha akaandika.

Mlandizi, wenzangu wakila,
nikapiga magoti na taa ya simu chini ya digadi.
Mdomo wa bati umeng'aa kama kisu kilichonolewa,
bega la tairi lina mstari mwembamba.
Nikafanya hesabu palepale kwenye mchanga.
Mimi peke yangu: halisugui.
Mimi na Tausi: halisugui.
Akipanda Shamte, labda.
Tukijaa wote, na mchele wetu,
linalia.

Mwinyikondo hakushangaa.
"Tukunje bati kwa nyundo. Au springi ngumu. Au,"
akakohoa, "mpunguze abiria."
Na zile za zamani?
Aliziuza siku ileile, kwa mtu wa teksi.
Nikasema nitarudi Jumatatu.

Sikurudi. Kwanza ilikuwa pesa,
halafu ikawa mazoea:
Barakuda, nakata kona, nasubiri,
khrrrr,
na bila kugeuka najua
hakuna niliyemsahau nyumbani.
Pazi akajifunza kuuiga. Tausi akaacha kuuliza.

Januari Shamte akapanda basi la Tabora,
bweni, na sanduku la bati lenye kufuli mbili.
Jumapili iliyofuata tukatoka sisi tuliobaki,
Zawena kajinyoosha, nafasi imebaki.
Barakuda nikakata kona polepole,
kisha nikaikata zaidi kuliko ilivyohitaji.

Tausi akanitazama.
Vioo vilikuwa vimefungwa, redio imezimwa.
Tairi likapita chini ya digadi
bila kugusa kitu.