Tahajia ya Jina la Baba

Cheti cha ubatizo, Bihawana: Xaverius.
Kadi ya chama, ile iliyopauka kijani chake: Zaveri.
Daftari la kliniki ya macho, Mvumi: Severe
(muuguzi alikuwa na haraka).
Fomu ya fidia, Ihumwa: Ksavery Chilongola.
Karani akanitazama juu ya miwani:
"Hawa ni watu wanne, dada.
Tembe moja, tulipe watu wanne?"

Nikarudi Bihawana, kwenye chanzo.
Kitabu kikubwa, mchwa wamekionja pembeni,
mwandiko wa padri Mwitaliano umelalia kulia
kama uwele uliopigwa na upepo wa Machi.
Frateri wa zamu, kijana wa Kondoa,
ndevu zake bado hazijaamua,
akaweka kidole juu ya ile X.
"Herufi hii," akasema, "imetembea kutuzidi sote."

Kwa asili si jina la mtu. Ni jina la mahali.
Navara, kaskazini mwa Hispania, kwenye mawe na baridi,
waliishi watu wa lugha ya Kibaski,
lugha isiyo na ndugu hata jirani.
Kijiji chao wakakiita Etxeberri.
Etxe, nyumba.
Berri, mpya.
Basi, hivyo tu. Mtu alijenga, jirani akaonyesha kidole.

Midomo ya wapitao ikalitafuna likafupika.
Wareno wakalitia sh: Shavieri.
Wahispania wakalikohoa: Havieri.
Akazaliwa Fransisko kwenye ngome ya pale,
akaondoka na kwao mgongoni,
kama mtu anavyoitwa Wa Hombolo
hata akizeekea Manyoni.
Merikebu yake ilipumzika Malindi, ikaendelea Goa.
Alifia kisiwani, Uchina iko ng'ambo, hajaikanyaga,
hana nyumba, mpya wala kuukuu.
Ni baada yake watu walianza kubatiza watoto
jina la kijiji wasichokijua:
watoto wa Lisboni, watoto wa Goa,
wana wa wafalme, wana wa mafundi cherehani,
na mwaka mmoja wa njaa,
mtoto wa mchunga mbuzi wa Ihumwa,
aliyebebwa kwa miguu siku nzima
kwa kuwa misheni palikuwa na maji, na mtama pishi mbili.

Nyumba mpya.
Nilicheka mpaka frateri akafunga kitabu.
Sikumwambia kwamba Jumanne
greda la barabara lilipita juu ya tembe,
juu ya nguzo za mpingo alizokata babu,
juu ya paa la udongo alikoanika bibi mlenda,
na kwamba kazi yote ilichukua dakika kumi na moja.
Baba alihesabu. Saa yake haijawahi kukosea.

Jioni nikamweleza.
Alikuwa amekalia bloku la saruji,
moja kati ya arobaini alizokopa,
anakung'uta kiatu.
Akanyamaza. Kisha:
"Kwa hiyo mama, miaka yote ile,
alikuwa anaita nyumba?"

Bibi hakuwa na r kinywani.
Saveliii, aliita jua likiingia,
na mbuzi waligeuka kwanza,
baba akafuata mbuzi.
Jina hilo la tano haliko kwenye karatasi yoyote.

Alhamisi tukaenda wote wawili ofisini.
Karani akachovya kalamu kwenye maneno yake:
"Mzee, chagua moja. Kwa X, kwa Z, au kwa K?"
Baba akamtazama kwa adabu,
akavuta kile kidau cha wino wa zambarau,
akaweka dole gumba juu ya mstari
na kulikandamiza, polepole,
kama anayesawazisha udongo wa sakafu.

Fidia bado.
Bloku ni arobaini na sita sasa.
Mjusi ameshahamia kwenye zile za chini.