Bahasha ya Mia na Kumi na Nne

Makala kumi na moja zimelala mezani,
feni inazigeuza kurasa kabla sijamaliza kuzisoma.
Nje ni mpunga, ukanda mkavu wa Sri Lanka,
na tausi analia kama mtu aliyebanwa na mlango.
Swali la usiku huu ni moja:
dawa ya pili, ile ghali, inaponya
au inasindikiza?

Ya kwanza naijua. Atropini haina maneno mengi.
Mgonjwa anafika anavuja kila tundu,
machozi, mate, jasho, mkojo, povu la mapafuni,
mboni zimesinyaa zikawa nukta za kalamu,
nawe unaongeza dozi, unaongeza maradufu,
hadi kifua kikauke, hadi moyo upige themanini.
Hiyo hatukuipigia kura.
Nani amnyime ngazi aliye kisimani?

Lakini hii ya pili!
Kwenye mrija wa maabara ni malaika:
inaibandua sumu, kimeng'enya kinafufuka,
mchoro unapanda, mwandishi anashangilia.
Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu.
Hawakusema mawingu hujaza bwawa.
Nimeona damu iliyopona
ndani ya mtu aliyekufa.

Makala ya tatu: wagonjwa ishirini na mmoja, kura hakuna,
waliopewa dawa ndio waliowahi kufika.
Ya tano: daktari alijua nani kapewa nini,
na mzazi haoni makengeza ya mwanawe.
Ya sita kalipia muuzaji.
Ya nane ni yetu.
Ndani yake kuna mstari, namba mia na kumi na nne,
na mstari huo ulifika na miguu yenye tope.

Dingiri Banda. Alfajiri, juu ya trekta la jirani,
uzi mweupe wa baraka za mtawa ungali mkononi.
Heen Menike kaikumbatia chupa ndani ya taulo
kama mtoto wa kuonyeshwa daktari.
Deni la mbegu, akasema. Maneno mawili jikoni, akasema.
Kifuniko kimoja tu.
Sista Chandralatha alimsomea karatasi ya ridhaa,
akamsomea tena, polepole; mama akatia dole gumba.
Nikachana bahasha: chupa isiyo na jina,
dawa au maji ya chumvi, hata mimi sikujua.
Siku ya nne shingo ikalegea.
Siku ya sita tukazima mashine.

Akaniuliza pale ukumbini, viatu mkononi,
"Alipata ile nzuri?"
Nikamwambia, mama, tungeijua iliyo nzuri
tusingepiga kura.
Alinitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Baada ya miaka miwili Ilangovan wa takwimu akaifungua siri:
alipata dawa.
Hilo halithibitishi kitu. Mmoja hathibitishi kitu.
Nimelirudia mpaka limekuwa uradi.
Na hesabu yote ikijumlishwa, jibu linaanzia
kupunguza vifo kwa theluthi
hadi kuvizidisha maradufu:
nyumba yenye milango miwili, yote wazi,
ndani upepo mtupu.

Bodi inataka sentensi. Ipewe? Isipewe?
Mwenyekiti kanipigia simu mara mbili:
"Tumeitoa miaka thelathini. Tukiacha leo,
watauliza jana tulikuwa tunafanya nini."
Ni swali zuri. Sikumjibu.

Naandika: Ushahidi hautoshi. Nafuta.
Naandika: Hatujui.
Neno linasimama uchi, naliacha.
Chini yake naweka tunayoyajua:
atropini mapema, hewa, mashine ya kunyonya makohozi,
na mtu wa kukaa macho
shingo isije ikalegea gizani.

Na ile chupa,
kwa nini ilikuwa inauzwa, kwa nini ilikuwa uvunguni,
hatua tatu kutoka mto wa kulalia?
Nimezisoma zote kumi na moja.
Hakuna iliyouliza.
Wala yetu.