Gredi ya Saba, Ilesi

Ubaoni niliandika kwa mwandiko wa kuringa:
*Udongo uwahi ungali maji.*
Wakanakili. Nami nikakoroga.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Ufinyanzi nilipewa
kwa kuwa Bwana Lumbasi alihamishwa Lugari
na ratiba haipendi nafasi tupu.
Udongo tuliuchota mtoni kwa ndoo ya rangi,
ukatufika viwikoni, ukapanda kwenye sare,
na vyungu thelathini na vinane
vikaketi chini kimoja kimoja
kama walevi wa sikukuu.

Imali alikuwa nyuma, dirishani, mikono mapajani.
Kwangu hupata saba kwa thelathini.
Mamake huuza vyungu kando ya lami iendayo Kisumu,
na wenzake humtania tangu chekechea:
*mfinyanzi hulia gaeni.*
Alikuja, akabonyeza tope langu kwa dole gumba,
akalinusa,
akasema kama aombaye ruhusa ya kwenda msalani:
"Mwalimu, huu umeuwahi mno.
Uache ulale siku mbili chini ya gunia.
Tena hauna vigae."

Vigae?

Jumatatu mfuko wake haukuwa na daftari hata moja:
midomo ya mitungi, mabega, vitako,
vyote vilivyomvunjikia nyanya yake.
Tukavitwanga jiweni, tukachekecha kwa chandarua kikuukuu,
tukachanganya.
"Hivi vilishapita motoni," alisema,
"vitaushika mkono ule ambao haujapita."

Nilikaa kwenye dawati lake, magoti yakigonga ubao.
Gurudumu hatuna. Alizunguka yeye,
kinyumenyume, chungu kimetulia katikati,
na gunzi la mahindi likabiringika shingoni
likiacha nukta, nukta, nukta,
ambazo sikuweza kuzihesabu.

Siku ya kuchoma tulifunika kwa nyasi na kuni za mkaratusi.
Saba vilipasuka. Changu cha kwanza,
mlio kama mlango wa ofisi.
Darasa zima likanitazama, likingoja nikasirike.
Imali alikwisha kuinama,
akiokota vipande vyangu, akivipuliza jivu,
akivitia mfukoni.

Jioni niligonga chungu chake kwa ukucha. Kiliitika.
Ubaoni, chini ya methali yangu,
mtu alikuwa ameongeza kwa chaki ya kijani:
*lakini si sana.*
Sikufuta.
Nikafungua fomu ya tathmini, nikajaza majina yote,
kisha mwisho wa orodha, kwa penseli, langu:
*anakaribia matarajio.*