Herufi ya Sita

Habari ilifika buchani kabla ya nyama.
Wáshington Bentancor, kisu mkononi, akaizima redio,
akaiwasha tena, kama mtu anayegusa jino
aone kama bado linauma.
Lasalvia.
Kamati imemchukua Lasalvia.

Ni Julai. Paso Hondo ina baridi ya kukata masikio,
nasi tuko mkiani mwa daraja la pili
na pointi saba na magoli ya aibu.
Huyu ni kocha wa tisa kwa miaka minne.
Wa kwanza alitoroka na mashine ya kukatia nyasi.
Wa tano alilia.
Wa nane alikuwa mtu mwema mno, na wema ukamponza.
Wote tuliwapokea kwa fataki:
mgeni njoo, mwenyeji apone,
na mwenyeji akazidi kukohoa.

Lakini Lasalvia!
Mwaka wa tisini na nne, dakika ya themanini na tisa,
kona, kichwa chake, wavu wetu.
Tulishuka daraja mvua ikinyesha.
Mume wangu Orosmán, Mungu amrehemu,
alilitaja jina hilo kila alipojigonga kidole kwa nyundo.
Mwanangu alijua kulitukana
kabla hajajua kulitamka.

Wanaume buchani walikaa wakipokezana kibuyu,
wakameza mate,
ya majani na ya kinywani.
"Bora wangemleta shetani," akasema Yamandú.
"Shetani hajawahi kutufunga."
Doña Irma, aliyekuja kununua figo,
akasema yeye anataka mtu wa kuzuia kona,
na nani azijuaye kona zetu kumshinda yule?
Hakuna aliyemjibu.
Akalipia figo zake, akaenda.

Usiku huo mpwa wangu Nahuel
aliiba kopo la rangi nyeupe kwenye stoo ya klabu,
stoo ninayoitunza mimi: jezi, chaki, nyavu, sindano.
Akaandika ukutani, kando ya lango la uwanja,
kwa herufi zenye kimo cha watu:
ONDOKA LASALBIA.
Mwenyewe alikuwa hata hajafika.

Alifika saa nne asubuhi kwa basi la Tacuarembó.
Begi moja. Mvi. Goti bovu.
Tulikuwa pale kama arobaini hivi,
tumekuja makusudi ili tusimlaki.
Mimi nilikuwa na neno langu mdomoni,
miaka thelathini nimelinoa.
Akasimama mbele ya ukuta, akasoma.
Akasoma tena, midomo ikicheza.
"Nani ana rangi?"

Nikamletea mimi.
Miguu ilikwenda, sikuituma.
Akapiga magoti, lile bovu likalia kama bawaba,
akachovya brashi,
akaikata ile B kwa mstari mmoja,
juu yake akaandika V,
kwa utulivu wa mwalimu na daftari la mtoto.
Lile ONDOKA hakuligusa.
Akanirudishia brashi kwa upande wa mpini.
"Asante, mama. Mashine ya kukatia nyasi iko wapi?"

Nahuel ndiye aliyeangua kicheko kwanza,
kisha Wáshington, akajifanya anakohoa,
kisha wote, hata Yamandú, akiwa ametugeuzia mgongo.
Mimi sikucheka.
Nilimwona Orosmán, huko aliko,
akihangaika kutafuta nyundo.
Na lile neno langu nililolinoa
nikalikuta butu, sijui lilibutuka lini.

Jumapili tulifungwa mbili kwa moja.
Kona walipiga kumi na moja, nilizihesabu kwa vidole,
nikaazima kidole cha Doña Irma.
Hakuna hata moja iliyoingia.
Wakati wa kutoka watu walipita mbele ya ukuta
bila kusema lolote,
ila wengine walipunguza mwendo.

Kopo liko stoo. Limebaki nusu.
Nimelifunika vizuri,
rangi isikauke.