Chenji

Saba, mkono wa kulia. Nane,
ukihesabu chunjua iliyojibanza chini ya kucha.
Sokoni Makambako nikawa narudisha chenji kwa kushoto,
wateja wakaniona sina adabu.

Daktari Tweve akazitaja njia:
asidi, kila usiku, miezi mitatu;
waya wa umeme, baada ya ganzi;
au naitrojeni, inayofuka moshi chupani.

"Hiyo inachoma?"
"Kwa baridi."

Nikacheka. Mimi wa Kitulo,
niamkaye Juni nikikuta viazi
vimeungua usiku bila moto, majani meusi tii!

Nikanyoosha vidole.

Wiki ya pili saba zikabanduka.
Ya kucha bado ipo, imekaidi.
Lakini chenji yako hii, Mama Ilomo:
pokea. Kwa kulia.