Nyuma ya Bati

Ninazo kaseti kumi na tisa.
Si za taarabu wala za kwaya. Za gemu:
za njano, za kijivu, moja nyekundu iliyopauka
kama kitenge kilichosahaulika kambani.
Zimo ndani ya sanduku la bibi,
na juu ya kifuniko nimeandika kwa chaki: SI KARANGA.

Ya kwanza niliipata Nachingwea, kwa fundi Mchopa,
chini ya lundo la pasi na feni.
"Hii haisemi tena, dada. Chukua bure."
Nikampa elfu mbili. Cha bure hakina mwenyewe.
Ya nane ilikuwa Masasi, imekinga mguu wa meza
ya mama ntilie, isiyumbe; nikamwachia kipande cha tofali.
Ya kumi na mbili Tandahimba, msimu wa mnada,
napima korosho ghalani,
mzee Nampoto akamwaga gunia, ikadondoka.
Kwenye daftari niliandika: uchafu, gramu themanini.
Jioni nikaondoka na uchafu.

Ile yenye mlio wa chura bado sijaipata.
Nimeiulizia Ndanda, nimeiulizia Mikindani.
Naiigiza mbele ya mafundi, kroo-ki-kroo,
wananitazama, wanacheka, wanarudi kwenye simu zao.

Watu huniuliza: utotoni ulicheza sana, eti?

Sikucheza hata siku moja.

Banda la Chikumbi lilikuwa Newala, ubavuni mwa bomba.
Wavulana ndani, shilingi ishirini kwa roho tatu.
Sisi nje, na ndoo.
Maji ya Newala hayakuwa mchezo:
unaamka saa kumi, unapanga foleni,
ukigeuka tu ndoo yako imerudishwa mkiani.
Basi nilisimama, mgongo kwenye bati la moto,
na bati likanieleza kila kitu.
Tii-tii: ameokota sarafu.
Bwii: ameruka.
Mlio unaoshuka ngazi, kisha kimya,
kisha Athumani anatukana:
amekufa, na hela ya sukari ya mama yake imekwisha.

Nilijua shimo liko wapi.
Muziki ukibadilika, hesabu nne.
Siku moja nikalipiga bati kwa kiganja: "Ruka!"
Aliyekuwa anacheza akaruka, akapona.
Hakuna aliyetoka kuuliza ni nani.

Foleni ikasogea. Nikasogea nayo.

Sasa nina runinga ya chogo, nzito kama mgonjwa,
tuliyoibeba mimi na shemeji kutoka Mtwara mjini
wakati kila mtu anaitupa apate nyembamba.
Mume wangu anasema chogo linakula umeme.
Linakula, kweli.
Yeye pia anakula, sijamtupa.

Jumamosi naitoa kaseti, naipuliza
kama napoza uji wa mtoto, naichomeka.
Nikishika padi mwenyewe, nakufa mapema.
Vidole hivi vinajua kusuka, kubangua, kusoma mizani;
kuruka havijui.
Nimekulia ukingoni mwa Shimo la Mungu,
hewa tupu mpaka bonde la Ruvuma,
sijawahi hata kuteleza.
Shimo la upana wa vidole viwili kwenye kioo
linanimaliza roho zote tatu.

Kwa hiyo padi namwachia Somoe, binti yangu.
Mimi nageuza kiti, naegemeza mgongo kwenye chogo,
joto lake linapanda mabegani,
nafumba macho.
Tii-tii.
Bwii.
Muziki unabadilika.
Moja. Mbili. Tatu.

Kiganja changu kimeshainuka.

"Mama, usiniambie," anasema Somoe.
"Naliona."

Nakishusha gotini. Kinawasha.