Mgonga Magurudumu

Miaka thelathini na mmoja nilishika nyundo ya mpini mrefu
katika stesheni ya Kouvola, zamu ya usiku,
baridi ikibana masikio yaliyokuwa ndiyo mshahara wangu.
Gurudumu zima huimba. Lenye ufa hukohoa.
Nagonga, nasikiliza, nasogea.
Mabehewa ya mbao, ya makaa, ya watu waliolala
wasiojua kuwa chini yao kuna mtu
anakiuliza chuma: U mzima?

Sasa chuma kimo ndani yangu.
Goti la kulia, mwaka wa tisa.
Kila nikiinuka kitini hatua tatu za mwanzo zinauma,
ya nne inanisamehe.
Helvi anasema ni uzee.
Uzee gani huo unaochagua goti moja
ukaliacha la pili lipande ngazi?

Hospitali wamenipiga picha
nimesimama, nimelala, nimekunjwa.
Daktari Saarelma akaonyesha kwa ncha ya kalamu
mstari mweusi kati ya saruji na mfupa,
mwembamba kama unywele wa kichanga.
“Huenda ni kitu. Huenda si kitu.
Ukifika milimita mbili, tutazungumza.”
Wakanidunga dawa, mfupa ukawaka kwenye kioo
kama dirisha la jikoni alfajiri;
lakini mfupa, akasema, huwaka kwa sababu nyingi.
Wapo waliotiwa shanga za tantali mfupani, kama vichwa vya pini,
wao picha mbili za pembe mbili
husema chuma kimehama kiasi gani.
Mimi sikutiwa. Mwaka ule hakuna aliyeniuliza.

Leo amekuja kijana, Eeli, mhandisi,
na kifaa cha majaribio kwenye begi la mgongoni.
Anafunga kitetemeshi kwenye muundi wangu,
vihisio viwili juu ya goti, gundi ya baridi,
kompyuta inachora mawimbi.
“Kilichoshika,” anaeleza polepole,
“hutetema kwa sauti moja safi. Kilicholegea …”
“Hukohoa,” nikamwambia.

Akaitazama mikono yangu.
Nikamwomba anisikilizishe, si anionyeshe.
Akatafuta, akabofya, akanivalisha vipokea sauti.

Usiku mmoja, Februari, nilisikia nusu kikohozi
nikajiambia ni barafu, nikasogea.
Mpaka asubuhi niliitazama simu ukutani.
Haikulia. Sijawahi kumwambia Helvi.

Nikafumba macho.
Mfupa wa juu: wimbo.
Chini, ndani, pale saruji ilipo,
kitu kilijibu kikiwa kimechelewa,
kama mtu anayeitwa jina lisilo lake.

“Data bado chache,” Eeli akasema, “tusiharakishe.”
Zamani nilibeba chaki mfukoni.
Gurudumu likikohoa, alama ya msalaba,
behewa hukatwa kwenye treni, abiria waamshwe, wanung’unike.
Nikanyoosha mkono, nikachukua kalamu yake ya wino,
nikapandisha suruali.